Miaka Mitano Nikisimulia Nusu ya Picha

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa kupayuka. Nilikaa kwenye stuli ya mbao pembeni ya TV ya chogo, maiki mkononi, nikiwatafsiria watu wa Makorora, Tanga, mikanda ya Kichina ambayo lugha yake sikuijua hata neno moja. Ilikuwa mwaka 1999, nina miaka 18, nimemaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo hayana haja ya kusimuliwa. Mwenye banda alinisikia nikitangaza mpira wa mchangani, akaniita: "Dogo, njoo unitangazie na hawa Wachina."

Kibanda umiza chetu kilikuwa cha mabati juu na pembeni, viroba vya saruji madirishani kuzuia mwanga na watoto wa chabo, mabenchi sita, feni moja iliyokuwa inamtazama mwenye banda. Mkubwa shilingi 100, mtoto 50. Ikitokea ile ngao yenye herufi SB na tarumbeta zake, alama ya Shaw Brothers wa Hong Kong, watu wanapiga makofi kabla hata hawajajua ni mkanda gani. Ngao ile ilikuwa dhamana tosha. Humu leo watu watapigwa.

Niseme ukweli kuhusu tafsiri yangu: nilikuwa natunga. Chini ya picha kulikuwa na maandishi ya Kiingereza, ila yalikuwa yamekatwa kichwa na mkia, mstari unaanzia katikati ya neno na kuishia katikati ya neno jingine. Wakati mwingine kwenye skrini unaona mtu mmoja anaongea peke yake na ncha ya pua ya mwenzake imechungulia ukingoni. Sikujiuliza kwa nini. Nilidhani Wachina ndivyo wanavyopiga picha. Nikaziba mapengo kwa akili yangu. Kila stelingi nilimpa baba aliyeuawa, kila adui nikampa jina la mtu wa mtaani anayedaiwa. Banda linacheka, mimi napata shilingi 500 kwa siku na chapati.

Mkanda uliotulipa kuliko yote tuliuandika kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni: VYUMBA 36. Jina lake kamili ni *The 36th Chamber of Shaolin*, wa mwaka 1978, umeongozwa na Lau Kar-leung, na stelingi ni Gordon Liu, yule mwenye upara. Kijana anawakimbia watawala wa Kimanchu waliowaua watu wake, anaingia hekalu la Shaolin, anaomba kufundishwa. Hekalu lina vyumba 35 vya mafunzo. Kwa kujiamini anataka kuanzia kile cha juu kabisa, anatupwa nje kama gunia, inabidi aanzie chini. Chini kwenyewe si ngumi. Ni kuvuka maji kwa kukanyaga kuni zinazoelea ili ufike chumba cha kulia. Ukianguka, umelowa, huli.

Mwenye banda hakuipenda sehemu hiyo. Alikuwa mtu wa hesabu: mkanda ukiwa mfupi, siku inapata maonyesho mengi. Alinielekeza nikifika kwenye mafunzo nibonyeze kupeleka mbele, nifike kwenye kupigana. Siku ya kwanza nilipobonyeza, makuli wa bandarini waliokaa benchi la pili wakanijia juu. Mmoja alisimama kabisa. "Rudisha! Rudisha kwenye ndoo!"

Kwenye ndoo, yule kijana anapandisha maji kwa kunyoosha mikono pembeni, ndoo kila mkono, na chini ya mikono amefungwa visu vinavyotazama mbavu. Akichoka akishusha mikono, anajichoma. Makuli walitazama kipande hicho kimya, jinsi wanavyotazama fundi mwenzao akifanya kazi. Nami nikaona, kwa mara ya kwanza, kwamba sehemu ndefu ya mkanda huu haina adui. Adui ni ndoo. Adui ni mlingoti mrefu unaopaswa kuuzungusha kwa kifundo cha mkono mpaka mkono uache kutetemeka. Watu walikuwa wanalipa shilingi 100 kutazama mtu akijifunza kazi, na walikuwa wanarudi kesho yake.

Baadaye sana nilijua kwa nini kipande kile kina uzito. Lau Kar-leung hakuwa mwongozaji aliyeazima kung fu kwa ajili ya picha. Baba yake alikuwa mwanafunzi wa Lam Sai-wing, na Lam Sai-wing alikuwa mwanafunzi wa Wong Fei-hung, yule mwalimu na tabibu wa Guangdong ambaye amechezwa kwenye sinema mara nyingi kiasi kwamba watu wengi hudhani ni mtu wa hadithi tu. Lau alianza kama mpangaji wa mapigano kwenye picha za wenzake. Alipopewa kiti cha mwongozaji, akageuza somo lenyewe kuwa hadithi. Hata mwisho wa Vyumba 36 ni wa mwalimu: stelingi anapoulizwa achague chumba cha kusimamia, anaomba afungue kipya, cha 36, cha kuwafundisha watu wa nje. Mimi banda zima nilikuwa nawaambia anaomba ruhusa ya kwenda kuoa. Mungu anisamehe.

Aliyenishtua ni mzee mmoja tuliyemwita Opereta. Miaka ya sabini na themanini alikuwa anaendesha mashine kwenye sinema ya mjini, zile za rili mbili, moja ikiisha unawasha ya pili bila mtazamaji kujua. Sinema ikafa, yeye akabaki na jina. Alikuwa anakuja jioni, anakaa benchi la mwisho karibu na mlango, halipi, na hakuna aliyethubutu kumdai.

Siku moja mkanda umeisha, watu wametoka, akaniita.

"Shikamoo Opereta."

"Marahaba. Mbona unawaharibia watu mkanda?"

Nikajua ni ile habari ya kwenda kuoa. Nikaanza kujitetea kwamba maandishi yamekatwa. Akanipungia mkono ninyamaze.

"Maneno yako hayanihusu. Danganya utakavyo, hata waliowawekea Kiingereza wamedanganya. Mimi nasema unaongea wakati wenyewe wamesimama."

Sikumwelewa. Akaniambia nirudishe mkanda kwenye pigano la mwisho, nitoe sauti kabisa. Akainua kidole, akawa anagonga ubao wa benchi. Ta-ta-ta-ta, akaacha. Ta-ta, akaacha. Ta-ta-ta-ta-ta, akaacha, safari hii muda mrefu zaidi. Na kwenye skrini, kila alipoacha, wale watu nao walikuwa wamesimama: mkono umebana mkono, fimbo imezuiwa kwa fimbo, macho kwa macho. Kisha wanafumka tena.

"Chumba cha mashine kilikuwa na kelele kama kinu," alisema. "Spika ya kusikilizia iliungua kabla sijaajiriwa, na hawakuitengeneza. Hawa Wachina nimewatazama miaka yote kwenye kidirisha kidogo hivi, bila kusikia ngumi hata moja. Ndiyo nikaanza kuwahesabu. Pale wanaposimama ndipo mtu anapoona nani kampiga nani. Na ndipo wewe unapomwaga maneno."

Kesho yake nilijaribu. Pigano likaanza, nikawa natangaza kwenye vurugu, wakisimama nami nafunga mdomo. Mara ya kwanza tu, mtoto wa mbele akapiga kelele, "Maiki imekata!" Wakacheka, mwenye banda akaja kugusa waya. Nilihitaji kama wiki mbili kuwazoesha. Lakini jioni moja, kwenye kusimama kurefu, nilisikia banda lote limeshika pumzi. Watu kama 40, hakuna anayekohoa. Fimbo zilipoachana, pumzi ikatoka kwa pamoja, na mimi nikasisimka mpaka nikasahau neno lililokuwa linafuata.

Mapigo yale hayakuzaliwa studio. Yalitoka kwenye opera ya Beijing, maigizo ya jukwaani ya Kichina yenye nyimbo na sarakasi. Huko mchezaji anapigana kwa ngoma, matoazi na kibao cha mbao, na kila baada ya mzunguko anasimama ghafla kwenye pozi lililokamilika, mwili mzima na macho, ili watazamaji wamwone. Wachina huita pozi hilo liangxiang. Wapangaji wengi wa mapigano wa Hong Kong walipita kwenye shule hizo wakiwa watoto. Jackie Chan, Sammo Hung na Yuen Biao wote walilelewa na mwalimu mmoja, Yu Jim-yuen, ambaye viboko vyake wenyewe wamevisimulia hadharani. Kwa hiyo ukimwona Jackie Chan ndani ya *Drunken Master*, ya mwaka 1978, anayumba kama mlevi halafu anasimama kwenye pozi, chini ya ule ulevi kuna ngoma inahesabiwa.

Nilikuta na jambo lingine lililonipunguzia dhambi kidogo. Picha hizo kwa miaka mingi zilipigwa bila sauti. Waigizaji wanachapa midomo, kisha watu wengine wanaingia studio kuweka maneno, na mwenye sura si lazima awe mwenye sauti. Mlio wa ngumi nao umebandikwa baadaye. Kumbe hata wao walikuwa wanaongea juu ya picha. Mimi wa Makorora nilikuwa wa tatu au wa nne kwenye foleni hiyo.

Kuhusu Bruce Lee sina mengi, na najua kuna watakaonuna. Yeye ndiye aliyewaleta watu mlangoni. Bila yeye pengine hata sinema za Tanga zisingejaza viti. Alifariki Julai 20, 1973, akiwa na miaka 32, kabla sijazaliwa, na bado mtaani kwetu kila kijana mwembamba mwenye haraka aliitwa Bruslii. Ila ukimtazama yeye unamtazama yeye tu. Pigano linaisha haraka kwa sababu hakuna wa kumweza. Mimi mkanda ulionifundisha kazi ni ule ambao wawili wanawezana.

Hilo nalo nilijifunza kwa kuumbuka. Mwaka 2003 tulipiga "filamu" yetu. Kamera tuliazima kwa mpiga picha wa harusi, eneo likawa machimbo ya kokoto, stelingi ni rafiki yangu aliyekuwa anacheza karate kwelikweli, mwenye mkanda wa kahawia. Nilijua ngumi za kweli zitatoa picha ya kweli. Tulipokaa kutazama tulichopiga, tuliona watu wawili wanafukuza mbu.

Nilimlaumu rafiki yangu, kisha kamera, kisha jua. Ilinichukua muda kugundua makosa, na mengi yalikuwa yangu. La kwanza, nilikuwa nimesogea karibu mno nikitaka nguvu, nikakata miguu yote nje ya picha. Rudi kwa Lau Kar-leung uone: kamera inakaa mbali kiasi cha kuona kichwa hadi nyayo, kwa sababu teke linaanzia kwenye mguu uliobaki chini. Usipouona mguu ule, hujui uzito umetoka wapi. La pili, niliweka macho yangu yote kwa anayepiga, wakati ngumi ni mali ya anayepigwa. Yeye ndiye anayetuonyesha imefika, imeingia kiasi gani, inauma wapi. Yule wetu alikuwa anaogopa kuchafua shati. Anapigwa ngumi ya kifua, anarudi nyuma hatua moja kwa adabu, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Wa Hong Kong wanaanguka kwenye meza, meza inavunjika, na wanatua kwa mgongo kwa sababu walifundishwa kuanguka tangu utotoni. Sisi tulifundishwa na nani? Tulijaribu kumwangusha mara moja kwenye marobota ya nyasi, akakosa marobota, akateguka kifundo. Filamu ikaishia hapo, na gharama za mganga tukachanga.

Banda lilifungwa mwaka 2004. Watu wakanunua deki zao, VCD zikauzwa stendi bei ya andazi, nani atalipa kukaa kwenye joto? Mimi nikaingia kwenye kuhariri video za harusi, kazi ninayofanya mpaka leo. Ukiona kwenye video yangu bibi harusi anageuka, picha inakaa sekunde mbili bila kugusa kitu, kabla shangazi hawajamvamia, ujue imetoka benchi la mwisho.

Mwaka 2011 jamaa aliyekuwa Dubai aliniletea DVD tano. Maktaba ya Shaw Brothers ilikuwa imeuzwa kwa kampuni ya Celestial Pictures, picha zaidi ya 700, na tangu 2002 walikuwa wanazisafisha na kuzitoa upya. Moja ya zile tano ni Vyumba 36. Nikaiweka kwenye laptopu usiku, baada ya kumaliza kazi ya mtu.

Picha ilikuwa ndefu kwa upana, nyembamba, nyeusi juu na chini. Nikadhani laptopu ina tatizo. Halafu nikaona yale maandishi: mstari mzima, una kichwa na mkia. Na yule mtu aliyekuwa anaongea peke yake pembeni mwa ncha ya pua, mwenye pua alikuwepo. Amekaa, ana uso, anajibu. Shaw walikuwa wanapiga kwa lenzi ya skrini pana, upana wake zaidi ya mara mbili ya kimo. Ili itoshe kwenye TV ya chogo, waliotengeneza mikanda walikata pembeni, karibu nusu ya picha ikatupwa. Miaka mitano nilikuwa nawatangazia watu mapigano ambayo mpiganaji mmoja yuko nje ya mlango. Nilikaa mpaka saa tisa usiku. Kuna sehemu nilizozijua kwa moyo, na kwenye kona zake walikuwepo watu ambao sikuwahi kuwaona.

Ile nyingine iliyonishika ni ya mwongozaji King Hu, *A Touch of Zen*, iliyotoka kwa sehemu mbili, mwaka 1970 na 1971, kule Taiwan, alikohamia baada ya kuachana na Shaw. Ina saa tatu na ushei. Unangoja pigano la kwanza karibu saa nzima, unatazama nyumba mbovu, majani, utando wa buibui. Makorora wangevunja benchi. Kisha linakuja pigano la msitu wa mianzi, na hapo nikaitazama kama mhariri, fremu moja baada ya nyingine, kidole kwenye kitufe.

Kuna mahali mwanamke mwenye upanga, anayechezwa na Hsu Feng, anapaa hadi juu ya mianzi kisha anashuka kichwa chini, upanga mbele. Nilipoutazama kwa kasi yake nilikuwa tayari kuapa kwamba nimemwona akipaa. Fremu kwa fremu, hayupo. Kuna mguu unaojisukuma. Kuna kitambaa kinachopita. Kuna majani yanayotikisika, yamebaki nyuma ya kitu kilichokwisha pita. Kuna mwili unaoshuka, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Mruko mzima aliupaa mtazamaji kichwani mwake. Lau anakuonyesha kila kitu kichwa hadi nyayo, kwa sababu anataka uamini kazi ya mwili. King Hu anakunyima makusudi, kwa sababu anataka uone kasi, na kasi haionekani ikionyeshwa. Alikuwa mtoto wa Beijing, mpenzi wa opera, na mapigano yake aliyaita dansi. Picha ile ilipata tuzo ya ufundi kule Cannes mwaka 1975. Nami kule machimboni nilikuwa nimechanganya vyote viwili: nimesogea karibu, na nimeonyesha kila kitu.

Jumapili iliyofuata nilibeba laptopu hadi kwa Opereta. Alikuwa amezeeka, jicho moja lina mtoto wa jicho, lakini alikumbuka Vyumba 36. Aliwahi kuiendesha, alisema, na rili ya tatu ilikuwa na mkwaruzo wa kijani kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Nikamwekea. Nilitaka aone ule upana, nikamwonyesha kwa kidole watu waliokuwa wamekatwa.

"Mimi hawa nawajua," akasema. "Kwenye sinema walikuwepo siku zote. Wewe ndiye ulikuwa huwaoni."

Tukafika kwenye fimbo. Nilikuwa nimenunua spika ndogo nzuri, nikapandisha. Fimbo zinalia, nguo zinapasua hewa, kila teke lina mlio wake. Opereta akarudi nyuma kidogo kwenye kiti. Akatazama spika, akatazama picha, akatazama spika tena, kama mtu anayesikia kwa mara ya kwanza sauti ya jirani waliyesalimiana kwa mkono miaka 30.

"Kumbe wana kelele hivi?"

Nikacheka. Akaendelea kutazama dakika kama tano, kidole chake kikianza kugonga goti, kinakosea, kinaanza tena. Mwishowe akanigusa bega.

"Zima sauti, mwanangu. Inanipotezea hesabu."